Waya Sikuuchomoa

Waya wa jiko sikuuchomoa. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mmeniuliza mengine yote: kwa nini nilifika chuoni saa tisa na nusu wakati tulikubaliana saa nne, kwa nini gauni langu lilikuwa na tope mpaka magotini, na kwa nini nilimzuia mpiga picha kazi yake mbele ya watu wazima sabini waliochoka. Yote yana jibu moja, na jibu hilo nimelikana kwa miaka ishirini na sita, mara nyingine kwa kiapo.

Kwa wale ambao hamkukaa bweni la wasichana, nieleze kidogo. Mwaka wa pili nilikosa chumba, nikabebwa. Mnakumbuka kubebwa: mwenye chumba anakuingiza kinyemela, mnalala kitanda kimoja mzungu wa nne, na mlezi wa bweni akipita, wewe ni mgeni uliyekuja kuazima daftari. Aliyenibeba mimi ni Zuhura. Chumba kilikuwa chake, kitanda chake, sufuria ya mama yake. Jiko la koili ndilo lilikuwa langu, nalo lilikuwa marufuku kuliko mimi.

Siku ile nilibandika maharage, umeme ukakatika. Enzi zile ulikatika kila siku, kwa hiyo sikushangaa. Nilikasirika tu, nikaenda maktaba. Maharage yakabaki jikoni, waya ukabaki ukutani, na umeme ukarudi kabla yangu. Nilipofika, korido nzima ilikuwa moshi. Mlezi wa bweni alikuwa amesimama mlangoni kwetu, ameshika sufuria nyeusi kwa kitambaa. Akaniuliza kama nakaa chumba kile.

"Hapana, mama," nikasema. "Mie sikai humu."

Zuhura alikuwa nyuma yake. Hakunisuta wala hakunitazama. Wiki ile ile akatolewa bwenini, akawa anakuja chuo kutoka Temeke kwa mjomba wake. Vipindi vya asubuhi vikampita, akafeli masomo mawili, akarudia mwaka. Ndiyo maana hayumo kwenye picha yetu ya mahafali.

Lile la "sikai humu" angeweza kulielewa. Kila aliyebebwa angesema vile, na hata kama ningesema vingine, tungetolewa wote. Baya ni lililofuata. Zuhura aliponiuliza waya uliachwa na nani, nilimwapia kwamba umeme ulipokatika mimi niliuchomoa ndipo nikatoka. Na kwa kuwa baada yangu yeye aliingia mara moja kuchukua daftari, kosa likabaki kwake. Tumekutana misibani na harusini miaka yote hii, na kila hadithi ile ilipozuka nilirudia: mie nilichomoa.

Huku nyuma nikawa mwandishi wa makala gazetini. Nimeandika sana kuhusu uwajibikaji. Baadhi yenu mlinipongeza, asanteni.

Mbweni hadi Mwananyamala

Mkutano wetu wa darasa ulipotangazwa kwenye kundi la simu, Zuhura, ambaye mmoja wenu alimwingiza kwa wema tu, aliandika mstari mmoja: "Mie si wa darasa lenu, nilimaliza na wengine. Nawatakia heri." Akatoka kwenye kundi. Mkaweka alama za dole gumba, mkaendelea kujadili rangi ya fulana. Mimi usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikaapa, safari hii kweli, kwamba Zuhura atakuwa kwenye picha ya mkutano, na kwamba kabla ya picha atajua waya uliachwa na nani.

Nikanunua sufuria. Ilikuwa kubwa, nzito, yenye mfuniko unaokaa. Binti wa dukani akaifunga kwa karatasi ya maua na utepe wa dhahabu. Nikamwambia siendi harusini. Akanijibu, "Sufuria ya hivi mama, haiendi kwingine." Kumbukeni utepe huo.

Nilitoka nyumbani saa moja asubuhi. Mbweni sisi tulijenga nyumba kwanza, barabara tukaiachia Mungu, na mvua ya usiku ilikuwa imepita hapo kabla yangu. Bajaji iliingia dimbwini mbele ya ukuta wa jirani yangu, ikakohoa, ikanyamaza.

"Mama, shuka kidogo tuipunguzie mzigo," dereva akasema.

"Mzigo ndiyo mimi?"

"Wewe na huo mtungi wako."

Nikashuka na sufuria kichwani na viatu vya mkutano mkononi, nikasukuma. Dereva alikuwa kijana mpole, ila alipenda kujua. Tulipotoka dimbwini akaniuliza harusi ni ya nani. Nikamwambia ni deni la rafiki. Akaniangalia kwenye kioo. "Basi huyo rafiki alikukopesha kitu kikubwa," akasema, akanishusha Mwananyamala.

Pale anakaa Deogratias, ambaye alikuwa kiongozi wa darasa letu na bado tunamwita CR, kama chuoni. Hata mke wake anamwita hivyo akiwa na hasira. Nilimhitaji kwa mambo mawili: gari lake, na orodha yake. Mnajua ile orodha. CR aliitoa kwenye kitabu cha mahafali, akaipiga chapa, akaiweka kwenye faili la plastiki, na ndiyo iliyopelekwa kwa walinzi wa geti.

"Zuhura simpingi," akaniambia. "Lakini orodha ni ya waliohitimu mwaka wetu. Nikianza kuongeza huyu, kesho ataongezwa na yule aliyehamia uhandisi."

"CR, twende tukamchukue. Akikubali kuja, utaongeza jina."

"Akikubali. Na wewe mbona umekazana hivi? Miaka yote hujamtaja."

Mke wake akaniokoa. Aliweka chapati na maini mezani, akasema hakuna atakayetoka nyumbani kwake na tumbo tupu akaenda kuzimia Temeke. Nikala chapati tatu. Woga wangu huwa haunikatazi kula.

Kuvuka mji

Gari la CR ni mzee mwenzetu: linaenda, lakini linataka kuheshimiwa. Tulipofika Barabara ya Kilwa, mshale wa joto ukapanda, CR akaliegesha pembeni, akafungua boneti, akasimama mbali nalo, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke. Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Mimi nilikuwa na gauni la kitenge lililokwishaonja Mbweni.

Pembeni palikuwa na mama anakaanga mihogo. Alitupa benchi, akatupa mihogo na kachumbari ya pilipili, akatupa na maji ya kumimina kwenye rejeta, kwa utaratibu huo.

"Poleni, wazazi," akasema. "Mnakwenda shughuli?"

"Tunamfuata mwenzetu Kijichi, tumlete chuoni," CR akamjibu.

"Mtoto kagoma shule?"

"Si mtoto. Ni mtu mzima, miaka karibu hamsini."

Yule mama akageuza mihogo yake taratibu. "Basi huyo msimlazimishe. Akigoma mtu wa umri huo, ana sababu."

CR akacheka. Mimi pilipili ikanipalia, nikashukuru kwamba machozi yangu yana pa kujificha. Kulikuwa na nafasi nzuri pale ya kumwambia CR ukweli: benchi, kivuli, gari limekufa, hakuna pa kukimbilia. Nilifungua mdomo. Akasema gari limepoa, twende.

Ningeweza kurudi. Nilikuwa na tope, nimechelewa, na Zuhura hakuwa ananingoja. Lakini sufuria ilikuwa kwenye kiti cha nyuma na utepe wake, na kila gari liliporuka shimo, ilitoa sauti. Nikafunga mkanda.

Kijichi

Tulifika kwa Zuhura saa sita kasoro. Kabla hatujamaliza kubisha hodi, mlango ulifunguliwa na mzee mwenye kanzu na kofia iliyonyooshwa vizuri, huyo huyo mjomba aliyempokea Zuhura siku zile. Mume wa Zuhura ameshafariki, na mjomba ndiye msemaji wa nyumba.

"Shikamoo, mzee," tukasema pamoja.

"Marahaba, marahaba. Karibuni sana. Tuliwatarajia saa nne."

Mimi sikumwambia mtu kwamba tunakuja. Nikadhani CR alipiga simu. CR akadhani nimepiga mimi. "Utuwie radhi, mzee," akasema. "Gari lilichemka njiani."

"Ajali haina kinga. Kaeni, kaeni."

Sebule ilikuwa imetandikwa busati jipya. Walikuwepo wazee wengine wawili, kahawa, tende, halua kwenye sahani ya kioo. Mmoja wa wazee akapokea sufuria yangu kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya busati, wakautazama utepe wake kwa ridhaa. Nikaona tumepokelewa kwa heshima kubwa kuliko stahili yetu, na kwa kuwa mtu mwenye hatia hukubali heshima yoyote, nikatwaa halua.

Nikaona na kitu kingine. Televisheni ilikuwa imechomolewa, waya umekunjwa juu yake na kufungwa na uzi. Feni imechomolewa. Friji, pale kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, kimya, waya umetundikwa kwenye msumari.

"Umeme umekatika?" nikamuuliza binti aliyeleta maji ya kunawa. Alikuwa Rukia, bintiye Zuhura, amejitanda mtandio wa pinki na hina mpaka viganjani.

"Upo, shangazi. Ni mama huyo, anachomoaga kila kitu mgeni akiingia, akilala, akitoka. Friji tunaiwasha kwa zamu kama mgonjwa wa dripu. Akifika kituoni anarudi kuangalia." Akacheka. Nikaweka halua chini.

Mjomba akakohoa kidogo, akamgeukia CR. "Sasa, mzee mwenzangu. Tuambie kidogo habari za kijana wenu."

CR ana mtoto mmoja wa kiume, na hupenda kuulizwa. "Kijana anajitahidi," akasema. "Yuko mwaka wa pili, bado anasoma. Mpole. Kasoro yake ni kula."

Wazee wakatazamana. "Bado anasoma? Sisi tuliambiwa ana kazi bandarini."

"Nani kawaambia? Labda mafunzo ya likizo."

"Na dini, tuseme, yuko imara?"

"Sana. Anaimba kwaya parokiani."

Mzee aliyepokea sufuria aliisogeza kwetu, kidogo tu, kwa kidole.

Mjomba akaita jikoni, na Zuhura akatoka akifuta mikono kwa khanga, tayari kuwasalimia wakwe. Akamwona CR na suti yake. Akaniona mimi, tope, utepe na yote.

"Bupe?" akasema. "Wewe ndiye mshenga?"

Ikabidi tueleze, na walipoelewa walicheka mpaka mjomba akavua kofia. Posa ya Rukia ilikuwa inakuja siku hiyo hiyo kutoka Kigamboni, nao wamechelewa. CR aliomba radhi kwa niaba ya mwanawe ambaye hakuwa na habari. Mzee mmoja akasema kwaya si neno, ila bandari wangeikosa. Zuhura alicheka pia, lakini alikuwa wa kwanza kuacha, akarudi jikoni. Nikachukua sufuria, nikamfuata.

Alikuwa anakoroga pilau kwenye jiko la gesi. Hakunigeukia.

"Kama ni la mkutano nimeshawajibu," akasema. "Na leo unaona mwenyewe."

"Si mkutano. Zuhura, waya sikuuchomoa."

Mwiko ukaendelea kuzunguka.

"Siku ile ya maharage. Umeme ulikatika nikatoka, nikauacha ukutani. Nilijua tangu nilipoona moshi. Nimekuapia uongo."

"Kwa hiyo si mie," akasema, bado hajageuka.

"Si wewe."

"Niliingia kuchukua daftari. Nikawa najiuliza labda nilichomeka nione kama umeme umerudi. Nimeutafuta mkono wangu humo kichwani miaka yote, Bupe. Siuoni ukichomeka. Lakini wewe ulikuwa unaapa, na wewe ndiye uliyekuwa na akili." Akafunika chungu. "Watoto walipokuwa wadogo niliwafungia nje nikirudi kukagua swichi. Mume wangu alinipeleka kwa watu wanisomee."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Mbweni, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Nikamwambia tu anisamehe, na kwamba nimeleta sufuria badala ya ile ya mama.

Akaitazama. "Mama alishakufa," akasema. Halafu honi ikapigwa nje, vigelegele vikaanza kwa majirani, na akavaa uso wa mwenye shughuli. "Hao wameshafika. Nendeni, mtachelewa picha yenu."

"Picha ni saa kumi. Tutakungoja."

"Sijasema nakuja."

"Nimesikia. Tutakungoja."

Tulipishana getini na posa ya kweli: wanaume sita wa Kigamboni wenye kanzu, wametota jasho, mmoja ameshika kifurushi chenye utepe wa dhahabu kama wangu.

Kurudi kaskazini

Mvua ilitukuta darajani, ikaosha gari, haikunisaidia mimi. Hapo ndipo nilipomweleza CR yote, bila kuulizwa.

"Ungesema siku ile, wangekufukuza wewe," akasema. "Tatizo hukuwa na chumba cha kufukuzwa."

"Na lile la pili? La kumwapia?"

"La pili halina utetezi," akasema, akapangusa kioo kwa kiganja. "Mie ningekuwa yeye nisingekuja."

Alisema kwa upole, na pengine kwa sababu hiyo liliniuma zaidi. Nikamwambia aongeze jina kwenye orodha hata hivyo. Akasema orodha ipo kwa walinzi tangu asubuhi, na jina la mtu asiyekuja litaandikwa vipi? Tukaanza kupanda kilima cha chuo.

Chuoni

Mliyoyaona wenyewe sitayarudia. Mlikuwa mmeshakula wali wote mkatubakishia ndizi. Nilipita bwenini kwetu, nikasimama kwenye ile korido. Mlango umepakwa rangi nyingine. Ndani msichana alikuwa amechomeka simu mbili na pasi kwenye tundu moja, akaniuliza kama namtafuta mtu. Nikasema hapana, halafu nikasema ndiyo, halafu nikaondoka kabla hajamwita mlezi.

Saa kumi mpiga picha akatupanga kwenye ngazi, warefu nyuma. Nikashuka, nikasimama mbele ya kamera yake, nikasema picha ingoje. Mlidhani ni mzaha wangu wa kawaida, mkacheka, ndipo nikawaambia habari ya waya, kwa kifupi kuliko hapa na kwa sauti mbaya zaidi. Mliacha kucheka kwenye maharage, nakumbuka. Hapo ndipo mmoja wenu, simtaji, akauliza, "Sasa tunamsubiri Zuhura. Amesema anakuja?"

"Hajasema."

"Kwa hiyo tunasubiri nini?"

"Tunasubiri."

Saa kumi na nusu mlianza kukaa chini. Mpiga picha alinionyesha jua kwa kidole, kana kwamba nimelileta mimi. Saa kumi na moja CR alinijia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimejitahidi, kila mtu ameona, na sasa niwaachie watu waende makwao. Nikamwambia atakayetaka picha aipige bila mimi pia, tutakuwa wawili tusiokuwemo.

Simu yangu ikaita saa kumi na moja na robo.

"Mmeshapiga?" Ilikuwa sauti ya Zuhura, na nyuma yake pikipiki inaunguruma.

"Bado."

"Msipige. Niko getini. Rukia kanipandisha bodaboda kwa nguvu, kasema posa imekubaliwa, nina kazi gani tena nyumbani. Na ile sufuria yako nimeijaza pilau, nimekuja nayo mapajani kutoka Kijichi, mgongo umekwisha." Akavuta pumzi. "Friji nimeiacha inawaka, Bupe. Nilifika kituo cha mafuta nikataka kurudi. Sikurudi. Sasa huyu mlinzi hataki kunipitisha, nawapa nyie muongee."

Simu ikabadilisha mikono. Sauti ilikuwa ya mtu anayefuata kazi yake.

"Habari za jioni, mama. Hapa kuna mama ana sufuria. Jina lake kwenye orodha halipo. Anasema nyie mnamfahamu. Wewe unamfahamu vipi?"

Mlikuwa mmesimama ngazini wote, mnanitazama. Nikageuka kuelekea bweni.

"Nilikuwa nakaa chumbani kwake," nikasema. "Mwaka wa pili. Mfungulie."